Umeumia ndani ya duka kubwa: mwongozo kamili wa kudai fidia, kwa mteja na kwa mfanyakazi

Watu wengi wanaoshindwa kesi dhidi ya maduka makubwa hawashindwi kwa kuwa jeraha lao ni la uongo. Mguu ulivunjika kweli, eksirei ipo, daktari yuko tayari kuja kutoa ushahidi. Wanashindwa kwa kuwa hawana jibu la swali moja la wakili wa duka: hayo maji yaliyokuangusha yalikuwa sakafuni tangu saa ngapi?

Jibu la swali hilo liko mikononi mwa duka lenyewe. Liko kwenye kamera zake, kwenye daftari lake la usafi na vichwani mwa wafanyakazi wake, na baada ya siku chache sehemu kubwa huwa imeshafutika. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye saa na siku za mwanzo, kabla hata hujaingia ofisi ya wakili. Sheria hutofautiana nchi hadi nchi, na pale tofauti hiyo inapoweza kukugharimu nitataja mifano.

Kwanza jua uko kundi gani

Mteja hudai kwa msingi wa uzembe. Lazima athibitishe kwamba duka lilikuwa na wajibu wa kumlinda, kwamba lilizembea, kwamba uzembe huo ndio uliomuumiza, na kwamba alipata hasara. Wajibu wenyewe hauna ubishi mkubwa: anayefungulia watu mlango waje kununua analazimika kuchukua tahadhari za kutosha wasiumie. Uingereza iliuandika katika sheria ya mwaka 1957 kuhusu wenye kumiliki au kushikilia majengo, na Kenya inayo sheria ya namna hiyo, Sura ya 34. Vita viko kwenye uzembe.

Mfanyakazi ana njia yake. Tangu Ujerumani ilipoanzisha bima ya ajali za kazini mwaka 1884, nchi nyingi zimefuata mkondo uleule: mfanyakazi analipwa bila kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea, hata kama aliteleza kwa haraka zake mwenyewe. Anachotoa badala yake ni haki ya kumshtaki mwajiri kwa uzembe, na mara nyingi pia malipo ya maumivu. Kenya ina Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo kifungu chake cha 16 kinafunga mlango wa mahakama kwa madai dhidi ya mwajiri; Mahakama ya Juu ilikibariki Desemba 2019. Tanzania malipo hupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Uingereza imeacha milango yote miwili wazi: mfanyakazi anaweza kupata mafao ya serikali na pia kumshtaki mwajiri, ambaye tangu sheria ya mwaka 1969 analazimika kuwa na bima ya madai hayo. Texas nako kuna kituko chake. Mwajiri binafsi anaruhusiwa kutojiunga na mfumo wa fidia, lakini asipojiunga anaweza kushtakiwa, na hawezi kujitetea kwa kusema mfanyakazi naye alizembea.

Kuna kundi la tatu ambalo husahaulika, nalo pengine ndilo lenye nafasi nzuri kuliko yote. Ni wale wanaofanya kazi ndani ya duka bila kuajiriwa na duka: msafishaji wa kampuni ya nje, mlinzi, kijana aliyetumwa na kiwanda kupanga bidhaa za kiwanda hicho kwenye rafu. Huyu anaweza kudai fidia ya kazini kwa mwajiri wake na bado akalishtaki duka kwa uzembe, kwa sababu duka si mwajiri wake. Kadhalika mfanyakazi wa duka aliyegongwa na lori la msambazaji, au aliyeumizwa na foklifti (gari la kunyanyulia mizigo) yenye breki mbovu iliyokarabatiwa na kampuni nyingine, ana mtu wa tatu wa kumdai. Tahadhari moja tu: bima iliyokulipa kwanza mara nyingi ina haki ya kurudishiwa fedha zake kutoka kwenye fidia ya pili.

Usikisie mwajiri wako kwa kuangalia sare. Angalia jina lililo kwenye hati ya mshahara.

Kinachopimwa mahakamani: duka lilijua, au lilipaswa kujua?

Massachusetts kulikuwa na kesi mbili za maganda ya ndizi ambazo wanafunzi wa sheria Marekani bado wanazisoma. Zote zilitokea katika vituo vya reli, lakini mantiki yake ndiyo inayotumika leo katika supamaketi. Mwaka 1901 abiria aliyeteleza alishindwa: ganda lingeweza kuwa limetupwa dakika ileile na abiria mwingine, na kampuni haikuwa na nafasi ya kuliona. Mwaka 1911 abiria mwingine alishinda, kwa kuwa mashahidi walisema ganda lilikuwa jeusi, kavu, limekanyagwa likabanana na kujaa mchanga. Rangi ya ganda ndiyo iliyokuwa saa. Lilikaa pale muda wa kutosha kuonekana na kuondolewa.

Kwa hiyo jicho lako litafute saa za namna hiyo. Maji yenye alama za magurudumu ya toroli na nyayo za viatu yamekaa zaidi ya maji meupe yasiyoguswa. Barafu iliyoyeyuka nusu, kingo za mchuzi zilizoanza kukauka, ndoo iliyowekwa chini ya dari linalovuja: hiyo ndoo inathibitisha kwamba mtu wa duka alijua.

Si kila mahakama humwachia mteja mzigo wote. Mwaka 1976 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya mwanamke aliyeteleza kwenye mtindi uliomwagika katika duka la Tesco mjini Liverpool. Hakuna aliyejua mtindi ulimwagika lini. Duka lilieleza kwamba sakafu ilifagiliwa mara tano au sita kwa siku. Mteja naye alikuwa na jambo: wiki kama tatu baada ya ajali alirudi dukani humo akaona juisi ya machungwa imemwagika na kukaa kama robo saa bila mtu kuigusa. Majaji wengi walisema ajali ya namna hiyo kwa kawaida haitokei mahali palipo na utaratibu mzuri wa usafi, hivyo duka ndilo lieleze. Halikuweza, na mteja akashinda. California ilifika karibu na hapo mwaka 2001 katika kesi ya maziwa yaliyomwagika kwenye duka la Kmart: pasipokuwa na rekodi ya ukaguzi, baraza la waamuzi, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, linaweza kukata shauri kwamba kioevu kilikaa muda mrefu kupita kiasi. Florida, kwa upande mwingine, sheria inamtaka mteja mwenyewe athibitishe kwamba duka lilijua au lilipaswa kujua, ama kwa urefu wa muda ama kwa kuonyesha kwamba jambo hilo lilijirudia.

Kitu kilichoanguka kutoka juu kina kanuni yake tangu kesi ya pipa la unga, Liverpool, 1863. Mtu alikuwa akipita barabarani, pipa likamwangukia kutoka ghorofa ya juu ya duka la muuza unga, na hakuna aliyeona lilivyochomoka. Mahakama ilisema mapipa hayaanguki yenyewe. Mwenye ghala ndiye ajieleze. Basi kama katoni imekuangukia kutoka rafu ya juu, una nafasi bora kuliko aliyeteleza, mradi uonyeshe kwamba hukuivuta wewe wala mteja mwingine.

Kabla hujatoka dukani

Ukiweza kusimama, usiondoke haraka. Aibu ya kuanguka mbele za watu imepoteza kesi nyingi. Mtu anajikung'uta, anasema "niko sawa", anakwenda nyumbani, na asubuhi goti limevimba.

Piga picha za sakafu kabla haijapigwa deki, kwa karibu na kwa mbali, ili ionekane uko sehemu gani ya duka. Piga na kile ambacho hakipo: kibao cha onyo la sakafu mbichi, zulia la mlangoni siku ya mvua, mkono wa ngazi. Kama huwezi, mwombe aliye karibu apige kwa simu yako. Chukua majina na namba za simu za walioshuhudia, hasa wateja wenzako. Ushahidi wa mteja ambaye hana uhusiano na upande wowote una uzito kuliko wa ndugu uliyekuja naye, na akishatoka mlangoni humpati tena.

Sikiliza wafanyakazi wanasema nini. Kauli kama "tuliomba friji hii itengenezwe tangu wiki iliyopita" ni dhahabu. Iandike hapohapo pamoja na jina lililo kwenye beji na saa uliyoisikia.

Mwite meneja, mwambie aandike tukio. Eleza ukweli kwa ufupi: niliteleza hapa, kwenye maji haya, nimeumia hapa na hapa. Usikisie sababu, usiseme "ni makosa yangu, sikuangalia", na usitie sahihi maelezo ambayo hukuyasoma. Omba nakala. Maduka mengi hukataa kuitoa, hivyo piga picha ya fomu au andika namba yake. Tunza risiti, kwani inaonyesha ulikuwepo na saa ngapi. Kama hukununua kitu, bado unalindwa. Aliyeingia kuangalia bidhaa ni mteja vilevile.

Viatu ulivyovaa viweke kwenye mfuko, bila kuviosha wala kuvivaa tena. Wakili wa duka atauliza soli zilikuwa zimelika kiasi gani, na ni heri ujibu kwa kuvionyesha.

Mfanyakazi, mwambie msimamizi siku ileile na umwambie kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Kenya haki ya fidia hupotea kama ajali haikuripotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12, lakini ukingoja hata wiki moja utasikia maneno: alijiumiza nyumbani Jumapili. Maumivu ya mgongo yanayotokana na kunyanyua mizigo hayana tukio moja la kushika, na ndiyo yanayokataliwa sana. Andika tarehe uliyoanza kuyasikia, ulikuwa ukinyanyua nini, uzito wake takriban, na kama ulikuwa na msaidizi. Kama uliwahi kulalamika kuhusu ngazi iliyovunjika au paleti zilizopangwa vibaya, tafuta ujumbe huo na uutunze nje ya simu au barua pepe ya kazini. Siku wakikufungia akaunti, umekwenda nao.

Hospitali

Nenda siku hiyohiyo au kesho yake. Mweleze daktari jinsi ulivyoumia, wapi na kwa nini, kwa sababu anachoandika kwenye faili la siku ya kwanza ndicho kitakachosomwa mahakamani miaka miwili baadaye. Taja kila panapouma, hata padogo. Bega ambalo halikutajwa hadi mwezi wa pili litaitwa bega la ajali nyingine. Na usifiche ugonjwa wa zamani. Sheria za nchi nyingi humlipa pia mtu ambaye ajali iliamsha tatizo alilokuwa nalo, ila aliyelificha haaminiki tena kwa lolote.

Hudhuria miadi yote. Pengo la miezi miwili bila matibabu ndilo jambo la kwanza kampuni ya bima hulitafuta.

Barua ya kuhifadhi ushahidi

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na kwa maoni yangu inazidi zote zilizobaki. Picha za kamera za usalama hujirekodi juu ya za zamani, mara nyingi baada ya siku au wiki chache. Usingoje wakili. Andika barua kwa meneja wa duka na makao makuu ya kampuni, ipeleke kwa njia inayoacha uthibitisho wa kupokelewa, na utaje tarehe, saa na mahali pa ajali. Dai wahifadhi picha za kamera zote za eneo hilo, tena si za dakika ya kuanguka peke yake. Dai saa mbili kabla na saa moja baada. Maduka hupenda kuhifadhi sekunde thelathini zinazokuonyesha ukianguka. Unachohitaji ni saa nzima inayoonyesha wafanyakazi wanne wakiruka dimbwi hilohilo.

Ongeza daftari la usafi na ukaguzi la siku hiyo, ratiba ya zamu, ripoti ya tukio, rekodi za matengenezo ya kifaa kinachohusika, na malalamiko ya awali kuhusu eneo hilo. Duka likipokea barua kisha likafuta picha, mahakama nyingi huruhusiwa kuchukulia kwamba picha hizo zingeliumbua. Kama unaonekana kwenye kamera unaweza pia kuomba nakala kwa kutumia sheria ya ulinzi wa data: Uingereza jibu linatakiwa ndani ya mwezi mmoja, na Kenya haki ya kupata taarifa zako imo katika sheria ya mwaka 2019.

Unamshtaki nani hasa?

Jina lililo juu ya mlango ni jina la biashara. Kampuni inayoendesha duka inaweza kuwa na jina tofauti kabisa. Litafute kwenye risiti, kisha ulithibitishe kwa msajili wa makampuni. Ukishtaki jina lisilo sahihi, utatumia miezi kurekebisha hati huku muda wa kisheria ukikimbia. Uliza pia nani alikuwa na mamlaka juu ya mahali ulipoangukia. Ngazi za umeme na maegesho huenda ni za mwenye jengo, sakafu huenda ina kampuni ya usafi, mlango unaojifungua una fundi wake. Pakiwa na shaka, mawakili huwaunganisha wote, wajibizane wao kwa wao.

Saa ya sheria

Kenya na Tanzania madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3. Uingereza ni 3 pia, tangu siku ya ajali au siku ulipojua kwamba umeumia kwa kiasi cha kudai. Marekani kila jimbo lina lake: California miaka 2, Tennessee na Kentucky mwaka 1. Florida ilikuwa miaka 4, ikapunguzwa hadi 2 mwezi Machi 2023, na waliokuwa wakitegemea ushauri wa zamani waliachwa njiani. Mazungumzo na bima hayasimamishi saa hii. Kuna maofisa wa bima wapole sana, wanaopiga simu kila mwezi kuuliza hali, hadi siku ya ukomo ipite.

Simu kutoka kwa bima

Itakuja mapema, pengine ukiwa bado kitandani. Wataomba kurekodi maelezo yako. Si wajibu wako kuwapa watu wa upande wa pili maelezo yaliyorekodiwa kabla ya kupata ushauri. Chukua jina na namba ya faili, sema utawasiliana kwa maandishi. Usitie sahihi fomu inayowaruhusu kusoma historia yako yote ya matibabu tangu utotoni. Makampuni makubwa yenye maduka mengi Marekani mara nyingi hujibimia yenyewe hadi kiwango fulani, maana yake fedha ya kukulipa inatoka mfukoni mwao, na wanapigana kwa sababu hiyo.

Na mitandao ya kijamii, nyamaza. Picha moja ukicheza harusini itawekwa kando ya ripoti ya daktari wako.

Watakachosema zaidi ni kwamba wewe nawe ulichangia: ulikuwa ukitazama simu, ulivaa visigino, ulipita kibao cha onyo. Uingereza na Kenya, fidia hupunguzwa kwa asilimia ya mchango wako. California vivyo hivyo. Texas, ukizidi nusu hupati kitu. Alabama, Maryland, North Carolina na Virginia ni wakali zaidi: mchango mdogo tu waweza kukunyima fidia yote. Ndiyo maana ile kauli ya "sikuangalia" uliyoisema kwa heshima mbele ya meneja inaweza kugeuka kuwa kesi nzima.

Hesabu na wakili

Tenganisha mafungu mawili. Hasara zenye namba, yaani matibabu, nauli za hospitali na mshahara uliopotea, huhitaji risiti kwa kila kitu. Mahakama za Kenya hazichoki kurudia kwamba fidia mahsusi, yaani ya hizo hasara zenye namba, lazima itajwe waziwazi kwenye hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu. Maumivu na ulemavu hupimwa kwa kulinganisha na kesi zilizopita za jeraha kama lako, hivyo mwombe wakili akuonyeshe hukumu tatu au nne kabla hajakutajia kiasi.

Ada pia ijadiliwe mapema. Marekani wakili hulipwa sehemu ya fidia, kwa kawaida theluthi moja hadi asilimia 40, na ukishindwa humlipi ada. Uingereza ada ya ziada anayopata wakili kesi ikishinda ina ukomo wa asilimia 25 ya fidia, bila kuhesabu fungu la hasara za baadaye. Kenya, Sheria ya Mawakili haikubali makubaliano ya kulipwa ikiwa tu kesi imeshinda, na anayeshindwa kwa kawaida hubeba gharama za mwenzake. Jeraha dogo lenye ushahidi hafifu huenda lisistahili safari hiyo, na wakili mwaminifu atakuambia.

Kabla ya kufungua shauri, wakili hutuma barua ya madai yenye ushahidi na kiasi kinachodaiwa, na kesi nyingi huishia hapo au katika usuluhishi. Zisipoishia hapo, hati ya madai hufunguliwa, pande mbili hubadilishana nyaraka, na daftari la usafi hatimaye linatoka. Lichunguze mwandiko. Daftari lililojazwa kila saa kwa kalamu moja, sahihi moja na dakika zilezile kila mara, huku ratiba ikionyesha msafishaji alikuwa mapumzikoni, limewahi kuwa zawadi kwa mawakili wengi.

Kabla ya kutia sahihi suluhu

Hati ya kuachilia madai hufunga mlango kwa kawaida moja kwa moja, hata goti likihitaji upasuaji mwaka ujao. Subiri hadi daktari aandike kwamba hali yako imetulia, na umtake aseme kwa maandishi ni matibabu gani bado yanatarajiwa. Uliza nani mwingine ana haki ya kukatiwa fungu: hospitali, bima ya afya, mfuko wa fidia. Mfanyakazi asome kila ukurasa akitafuta sentensi inayomfanya ajiuzulu au aachilie pia madai ya mishahara na likizo. Hizo huchomekwa katikati. Ukiiona, dai ifutwe au ilipiwe peke yake, kwa kiasi kilichoandikwa kando ya fidia ya jeraha.